Uliza Gereji: gari la kasi lililofikisha miaka 20

Barua za safari hii zinahusu magari ya jamii moja: ya kasi, yaliyotoka kiwandani kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 2008 hivi. Si mapya, na bado hayajawa ya kuwekwa nyuma ya kamba yatazamwe. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale ambapo ufupi ungemgharimu mtu injini.

Shikamoo fundi. Nimebakiwa na magari mawili ya kuchagua: BMW M3 E46 ya mwaka 2002 na Porsche 911 aina ya 996 ya mwaka 2000, isiyo ya turbo. Bei zinakaribiana, na wauzaji wote wawili wanasema injini haina shida. Nianzie wapi kuyakagua? (Njia Panda)

Marahaba. Anza kwa kuyanyanyua, si kwa kuyawasha.

M3 kwanza. Ugonjwa wake wa kutisha hauko kwenye injini, uko kwenye sakafu ya nyuma. Fremu inayobeba difu na mikono ya magurudumu ya nyuma imefungwa kwenye bati la bodi katika sehemu nne. Kila unapokanyaga mafuta na kuachia, bati hilo linavutwa mbele na nyuma, na baada ya miaka linapasuka. Safisha kila sehemu kwa brashi, mulika kwa tochi kali, tafuta nyufa nyembamba na rangi iliyobanduka. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepulizwa hapo tu na kwingine kote kuna vumbi, jiulize inaficha nini. Dawa inayodumu ni kushusha fremu nzima, kuchomelea nyufa, kisha kuchomelea mabati ya kuimarisha sehemu zote nne. Gari lililokwisha kufanyiwa hivyo, likiwa na picha za kazi, ni bora kuliko lile ambalo mwenyewe anaapa halijawahi kupasuka.

Injini yake, S54 ya cc 3,246, hupanda hadi mizunguko 8,000 kwa dakika, na beringi za konrodi ndizo zinazolipa gharama ya mizunguko hiyo. BMW iliyaita magari ya miaka ya mwanzo yabadilishiwe beringi hizo, na la mwaka 2002 limo katika kundi hilo, kwa hiyo omba karatasi ya kazi. Hata kama zilibadilishwa, zihesabu kama vitu vya kuisha: wamiliki makini huweka mpya, pamoja na bolti mpya za konrodi, karibu na km 100,000. Oili yake ni 10W-60, lita 5.5 ukibadilisha na filta. Muuzaji akikuambia anatumia oili yoyote nzito, huna haja ya kuendelea kuuliza.

Kuna mambo mawili zaidi kwenye S54. Mfumo wa VANOS, unaogeuza wakati wa kemshafti, una habu kwenye kemshafti ya ekzosi yenye masikio mawili yanayozungusha pampu yake. Masikio hayo huvunjika, na vipande vinaanguka kwenye cheni ya taimingi. Bolti zinazoifunga habu hiyo nazo hulegea, na utasikia mchakacho mbele ya injini ikiwa imepata moto. Kisha kuna nafasi za valvu, ambazo hurekebishwa kwa mkono kwa vidonge vya chuma: mm 0.18 hadi 0.23 upande wa kuingiza hewa, mm 0.28 hadi 0.33 upande wa ekzosi, injini ikiwa baridi. Kama kitabu cha huduma hakionyeshi kazi hiyo hata mara moja, hesabu bei ya kuifanya ndani ya bei ya gari.

Sasa 996. Ndani ya injini ya M96 kuna shafti ya kati inayozungushwa na kranki na kupeleka nguvu kwenye cheni za kemshafti. Upande wa flaiwili, shafti hiyo imekaa kwenye beringi iliyofungwa na grisi yake. Miaka ikipita oili hupenya, grisi inaoshwa na beringi inaliwa. Ikivunjika, taimingi inaruka na valvu zinakutana na pistoni. Magari ya mwanzo yalikuwa na beringi ya safu mbili, iliyo imara zaidi. Kuanzia karibu 2000 ikaja ya safu moja, iliyo dhaifu. La kwako liko mpakani, na huwezi kujua kwa hakika bila kufungua. Habari njema ni kwamba hufikiwa giaboksi ikishushwa, kwa hiyo hubadilishwa siku ya kubadilisha klachi. Uliza klachi ilibadilishwa lini na kama beringi iliguswa siku hiyo.

Kabla ya kulipa, chomoa filta ya oili, ikate, ukunjue karatasi yake juani. Chembe za chuma zinazong'aa au vipande vidogo vya plastiki vya sili ya beringi vinatosha kukufanya uage kwa heshima. Angalia pia midomo ya ekzosi: ukikuta upande mmoja una masizi mengi kuliko mwingine na injini inagonga taratibu ikiwa ya moto, kuta za silinda za upande huo huenda zimekwaruzika. Kamera nyembamba ya kupitishia kwenye tundu la plagi itakuonyesha, ingawa picha nzuri zaidi hupatikana kutokea chini, sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) ikiwa imeondolewa.

Ukitaka kauli yetu: M3 yenye sakafu iliyoimarishwa na beringi mpya. Maradhi yake mengi unaweza kuyaona kwa macho ukiwa chini ya gari, ilhali ya 996 yamejificha ndani. Kama moyo umeng'ang'ania Porsche na mfuko unaruhusu, 996 Turbo na GT3 zina injini ya ukoo mwingine kabisa, isiyo na beringi hiyo.

Gari lenye km 68,000 bila karatasi, au lenye km 190,000 na faili la risiti la miaka 15? (Mhasibu)

La risiti, karibu kila mara. Mpira haujui kilomita, unajua miaka. Bushi, mipira ya rejeta, sili za kranki, mipira ya breki, vifuniko vya shokabu, vyote huzeeka gari likiwa limeegeshwa, na gari lisilotembea huzeeka vibaya zaidi kwa sababu sili zinakauka na petroli inageuka gundi kwenye nozeli. Juu ya hayo, mita ya kilomita huchezewa kwa urahisi. Linganisha namba yake na vitu ambavyo mtu hukumbuka mara chache kuvibadilisha: mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani, kona ya nje ya kiti cha dereva, namba ya mwaka kwenye diski za breki na kwenye mikanda ya usalama. Mkanda wa usalama wenye tarehe mpya kuliko gari unaashiria ajali.

Matairi nayo huzungumza. Ubavuni kuna namba nne baada ya herufi DOT: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye miaka 10 ni la kutupa, hata kama muuzaji analihesabu kama zawadi.

Fundi alipima kompresheni ya Mazda RX-7 (FD) ninayoitaka, kwa geji ya kawaida ya plagi. Alipata namba moja nzuri kwa kila rota. Inatosha? (Mpenda Rota)

Haitoshi, na kwa injini hii ni kipimo kinachoweza kukudanganya kabisa. 13B, injini ya gari hili, haina pistoni. Kila rota ina pande tatu, na kila upande una chumba chake cha kuchomea. Geji ya kawaida ina valvu ndogo inayoshikilia namba ya juu kuliko zote, kwa hiyo upande wenye sili iliyovunjika hufichwa na wenzake wawili wazima.

Kipimo cha kweli ni mashine ya rota inayotoa namba tatu kwa kila rota, sita kwa injini nzima, na kuzisahihisha kwa mwendo wa mizunguko 250 kwa dakika, maana starta ikizunguka haraka namba hupanda bila injini kuwa na afya. Kama mashine hiyo haipatikani, mwambie fundi aifungue ile valvu ya kushikilia kwenye geji yake, kisha atazame sindano injini ikizungushwa. Inatakiwa iruke mapigo matatu yaliyo sawa. Pigo moja likiwa fupi, upande huo umekufa, na namba ya geji haina maana tena.

Injini iwe ya moto, plagi zimetolewa, petroli na moto vimekatwa, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Kilo 8 kwa sentimita ya mraba na kuendelea ni afya. Ukifika 7 anza kuweka akiba. Ukishuka 6 injini ni ya kufunguliwa. Tofauti kati ya pande za rota moja isizidi kilo 1.5. Jaribio la bure ni hili: endesha dakika 30, zima, subiri dakika 10, washa. Injini iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi na hugoma ikiwa ya moto.

Ukilinunua, mambo ya wiki ya kwanza ni haya: ng'oa kile kitenki kidogo cha plastiki cha kutenga hewa na maji ya rejeta kilicho juu ya injini na uweke cha alumini, kwa sababu kile cha kiwandani hupasuka, maji hutoka, na rota haisamehi joto hata mara moja. Badilisha mipira myembamba ya vakyumu inayoamrisha turbo mbili, ambayo hukauka kutokana na joto la chini ya boneti. Turbo hizo hufanya kazi kwa zamu. Karibu na mizunguko 4,500 utaona presha inashuka kidogo kisha inarudi. Ikishuka na kubaki chini, tafuta mpira uliopasuka kabla ya kulaumu turbo. Injini hii hunyunyizia oili kidogo kwenye vyumba kwa makusudi, kwa hiyo kupungua kwa oili si ugonjwa. Pima kijiti kila ukijaza tenki. Wengi huongeza oili ya injini za mipigo miwili kwenye petroli, mililita 5 kwa lita, na tunaunga mkono.

Subaru Impreza STI ya lita 2.5 au Mitsubishi Lancer Evolution? Naomba jibu fupi, rafiki zangu wamenichosha. (Katikati ya Wagomvi)

STI yenye injini ya EJ25, ndiyo hiyo ya lita 2.5: ogopa kingo za ringi kwenye pistoni, hasa silinda ya 4, zinazovunjika injini ikitiwa programu mbovu au petroli dhaifu. Dalili ni moshi wa bluu na pumzi nyingi ikitoka kwenye mdomo wa oili. Bomba la kunyonyea oili ndani ya sampu hupasuka kwenye maungio yake. Weka lililoimarishwa siku sampu ikishushwa. STI ya Kijapani yenye EJ20 huvumilia zaidi, na giaboksi ya gia 6 ni imara kuliko ya gia 5 ya WRX.

Evolution: injini ya 4G63 ni ngumu kuiua, lakini ina mikanda miwili mbele. Ule mdogo, wa shafti za kutuliza mtetemo, ukikatika huingia kwenye mkanda wa taimingi na kuondoka nao. Badilisha yote miwili pamoja na roli, kikaza na pampu ya maji, usiache hata kimoja. Kuanzia Evolution VII hadi IX, pampu ya haidroliki ya mfumo wa difu huharibika. Taa ya mfumo huo ikiwaka kwenye dashibodi, punguza bei kwa thamani ya pampu nzima.

Sisi tungechagua lile ambalo mikanda yake ina tarehe iliyoandikwa.

Nina Nissan Skyline GT-R R32. Kijana wa gereji anasema kutoka 0.8 bar hadi 1.3 ni suala la kukaza skrubu ya kidhibiti cha busti tu, dakika tano. Ni kweli? (Mguu Mzito)

Dakika tano za kukaza ni kweli. Tuangalie kinachofuata.

Busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini, hupimwa juu ya presha ya hewa ya kawaida, ambayo ni karibu bar 1. Kwa hiyo 0.8 ni bar 1.8 kwa jumla, na 1.3 ni 2.3. Gawanya: hewa inaongezeka kwa takribani asilimia 28. Petroli lazima iongezeke kwa kiasi hicho hicho, na joto la hewa linapanda pia. Sasa tafuta ni kitu gani kati ya vilivyomo kiliwekwa kwa ajili ya asilimia 28 za ziada. Hakuna.

Kitakachoanza kuondoka ni turbo zenyewe. Magurudumu ya upande wa ekzosi kwenye RB26, injini ya GT-R hii, ikiwa ya kawaida ni ya kauri, mepesi kwa ajili ya kuitikia haraka, lakini hayavumilii joto na mzunguko wa busti kubwa. Wanaoyajua hawavuki bar 1. Yakivunjika hutokea ghafla: presha inakwisha, ekzosi inatoa mlio mwingine, na mara nyingine oili inafuata. Toyota Supra za soko la Japani nazo zina kauri, wakati zile zilizouzwa nje zilipewa chuma. Kama unataka zaidi ya bar 1, turbo za chuma si anasa.

Cha pili ni petroli. Nozeli za kiwandani hutoa cc 444 kwa dakika, na hazitakiwi kufunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda wote. Pampu iliyo ndani ya tenki ina miaka 30 na zaidi. Hupungua nguvu kimya kimya: mwendo wa kawaida inatosha, lakini busti ikijaa presha ya petroli inashuka, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), petroli inalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni inatoboka. Pima presha ya petroli gari likiwa chini ya mzigo. Kipimo cha gari likiwa linaunguruma limesimama hakikwambii kitu.

Cha tatu ni moto. Koili za zamani hukatakata busti ikipanda, na dereva hudhani ni petroli. Weka plagi baridi kwa hatua moja na mwanya wa mm 0.7 hadi 0.8.

Cha nne ni oili. Kwenye R32 za mwanzo, sehemu ya kranki inayoshika gia ya pampu ya oili ni fupi. Kugonga kikomo cha mizunguko mara kwa mara huivunja ile gia, na injini hubaki bila oili ikiwa katika mizunguko 8,000. Injini ikifunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, weka kola pana na pampu iliyoimarishwa.

Utaratibu wetu, ukitaka nguvu bila mazishi: kompresheni ya silinda zote sita kwanza, tofauti isizidi asilimia 10. Kisha pampu ya petroli, koili, plagi, themostati na rejeta safi. Halafu sensa ya mchanganyiko yenye kipimo kipana ikae kwenye ekzosi moja kwa moja, si ya kuazima siku ya daino (mashine ya kupimia nguvu ya gari). Turbo za chuma, nozeli kubwa, kompyuta inayoweza kuandikwa upya, na mtu wa kuiandika mbele ya macho yako akiwa na kifaa cha kusikiliza milipuko ya mapema. Chini ya busti kamili, lamda, yaani kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, iwe karibu 0.78 hadi 0.82. Ukiona 0.90 na presha imejaa, achia mafuta hapo hapo.

Na kama huna mpango wa kufanya haya yote, iache kwenye 0.8. Gari hilo likiwa na presha ya kiwandani na kila kitu kikiwa kizima lina kasi kuliko unavyolikumbuka, kwa sababu wengi hawajawahi kuliendesha likiwa zima.

Nimenunua gari tayari. Fedha iliyobaki niiweke wapi kwanza, kwenye ekzosi au kwenye springi za kushusha? (Mwenye Haraka)

Hakuna kati ya hivyo viwili.

Mwezi wa kwanza ni wa majimaji na mipira: oili ya injini, giaboksi na difu, kulanti, mafuta ya breki, mkanda wa taimingi kama upo na tarehe haijulikani, mikanda ya nje, mipira ya rejeta yote, themostati na kifuniko cha rejeta. Andika tarehe na kilomita kwenye karatasi moja ya gari. Hapo ndipo historia yake chini ya mikono yako inapoanza.

Baada ya hapo ni matairi. Hakuna kitu kingine utakachonunua kitakachobadilisha gari kwa kiasi hicho: breki, kona, hata utulivu wa usukani. Yote manne ya aina moja, na kwa gari la magurudumu yote kuvuta, kina cha kashata kiwe sawa pande zote, la sivyo difu ya kati inafanya kazi barabara nzima na kuungua.

Kisha bushi na shokabu, kwa pamoja, na alaimenti mwishoni. Hapa fundi wengi huharibu kazi nzuri kwa dakika moja. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma ndani na nje, na hufanya kazi kwa kujisokota. Bolti yake ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, ile bushi inabaki imesokotwa maisha yake yote gari likishuka chini, na inachanika ndani ya miezi. Bolti ziingizwe tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, kisha ndiyo zikazwe kwa spana ya torki.

Bushi za poliureteni? Kwa gari la kukimbizia uwanjani, sawa. Kwa la barabarani, weka mpira mpya wa kiwandani. Poliureteni isiyopakwa grisi yake italia kila tuta, na pale ambapo mkono wa gurudumu unahitaji kujipinda pande mbili, ugumu huo hupelekwa kwenye bati la bodi. Mwenye M3 hapo juu anajua bati hilo linavyolipa.

Springi za kushusha zikija, zisizidi mm 20 hadi 30, na ziende na shokabu zilizotengenezewa urefu huo. Springi iliyokatwa kwa mashine ya kusaga si matengenezo.

Nikishuka mlima mrefu, pedali ya breki inalainika hadi karibu na sakafu, kisha kesho yake iko sawa. Niweke kalipa kubwa? (Mshuka Milima)

Usiweke. Hayo ni maji ndani ya mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mapya huchemka si chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kufikia 155. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa maji, nawe unadhani gari limejiponya.

Toa yote, weka DOT 4 mapya au DOT 5.1, ambayo mapya hufika 260. Usichanganye na DOT 5, ambayo ni ya silikoni. Lita moja inatosha magari mengi. Kwa gari lenye mfumo rahisi wa breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu, ila soma kitabu cha gari kwa utaratibu wa ABS. Usisukume pedali hadi sakafuni kwenye gari la zamani: pistoni ya pampu kuu itaingia kwenye sehemu yenye kutu ambayo haijawahi kufika, na sili zake zitachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali. Rudia kila baada ya miaka miwili.

Ukibadilisha pedi, zifunde: breki 8 hadi 10 za nguvu kutoka km 100 kwa saa hadi 20, bila kusimama kabisa, kisha dakika 10 za mwendo wa pole bila kukanyaga breki. Ukisimama huku umekanyaga wakati diski ni za moto, pedi itabandika alama yake pale, nawe utasema diski zimepinda.

Naweza kuliendesha kila siku? (Kazini na Nyumbani)

Kila siku ni afadhali kuliko mara moja kwa mwezi, mradi safari isiwe ya km 3. Geji ya maji ikifika katikati, oili bado ni baridi. Huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi dakika 15 hadi 20 za mwendo. M3 E46 hukusaidia kwa taa kwenye geji ya mizunguko zinazozimika moja moja injini ikipata joto. Kwa mengine, usivuke mizunguko 3,500 mpaka oili ifike nyuzi 80. Usiwashe ukaiacha inaunguruma asubuhi: petroli ya ziada huosha kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Washa, subiri presha ya oili ikae, ondoka polepole. Kwa gari la turbo, dakika mbili tatu za mwisho wa safari zisiwe za kukanyaga. Hapo huhitaji kusubiri na injini inaunguruma mbele ya geti.

Likikaa wiki mbili betri inakufa. Betri ni mpya. (Gizani)

Kuna kinachokunywa umeme. Funga gari, subiri dakika 30 hadi 60 kompyuta zote zilale, kisha pitisha maltimita kati ya waya hasi na betri. Usiikate waya kwanza, unganisha kipimo sambamba ndipo uiachie, la sivyo kompyuta zinaamka na unapima uongo. Chini ya miliampia 50 ni kawaida. Zaidi ya hapo, pima volti ndogo kati ya ncha mbili za kila fyuzi bila kuzichomoa. Fyuzi yenye volti ndiyo inayopitisha umeme. Tungeanza na alamu iliyofungwa na mmiliki wa zamani, halafu redio, halafu taa ya buti isiyozima. Betri iliyojaa ni volti 12.6. Ikishashuka chini ya 12 mara kadhaa, hata mpya haitarudi kuwa kama ilivyokuwa.

Karatasi ya mnada wa Japani inasema daraja R, lakini picha ni safi. Pia naambiwa ni GT-R R34 halisi. (Macho Mawili)

R maana yake limepata ajali likatengenezwa. Huenda ni kona ya mbele tu, huenda ni zaidi. Tazama mchoro wa gari kwenye karatasi: XX ni sehemu iliyobadilishwa, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, na namba kubwa ni mbaya zaidi. Ikiwa XX iko kwenye bampa na fenda pekee, linaweza kuwa gari zuri kwa bei nzuri. Ikigusa nguzo za bodi au reli za chasi, achana nalo. Likifika, pima unene wa rangi: ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 180, na panapozidi 300 pana rangi ya pili au plasta.

Kuhusu uhalisi, soma namba ya chasi iliyogongwa kwenye bati la bodi, usitegemee kibandiko. GT-R halisi huanza na BNR32, BCNR33 au BNR34. Ikianza na ER34 ni Skyline ya kawaida iliyovalishwa. Supra A80 ni JZA80, RX-7 ni FD3S, Evolution V na VI ni CP9A. Kwa BMW, M3 halisi ina namba inayoanza na WBS.

Nimebadilisha shokabu, rimu na ekzosi. Vya zamani niuze? (Stoo Imejaa)

Usiuze, hata kama vimechakaa. Vipuri vingi vya magari haya vimeacha kutengenezwa. Nissan ilianza mwaka 2017 kutengeneza tena baadhi ya vipuri vya R32 GT-R kupitia NISMO, kitengo chake cha mashindano ya magari, na Toyota ikafuata kwa Supra A70 na A80, lakini orodha ni fupi na bei si za zamani. Mnunuzi wa kesho atataka kuona rimu za kiwandani na ekzosi yake, na pengo la bei kati ya gari lenye vitu vyake na lisilo navyo linazidi kupanuka. Safisha, paka mafuta mepesi ya kuzuia kutu, funga bolti na nati kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye kipuri chenyewe, na uandike kwa kalamu isiyofutika: ni cha nini, upande gani, kilitolewa gari likiwa na kilomita ngapi. Shokabu zihifadhiwe zikiwa zimesimama.